Ukiumwa umekatwa

Kwenye ile kazi yangu ya usafi hospitalini kulikuwa na daftari la mahudhurio, kubwa, jalada gumu la bluu, linakaa kwenye meza ya supavaiza karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Ukifika unasaini kwa kalamu ya bluu. Usipofika supavaiza anapiga mstari mwekundu mbele ya jina lako, mwisho wa mwezi mistari inahesabiwa, mstari mmoja ni siku moja ya mshahara imeondoka, na ukifikisha miwili bonasi ya mahudhurio nayo imekwenda. Rangi ya tatu hakuna. Aliyefiwa, aliyeumwa, aliyelala tu nyumbani kwa uvivu, wote ni mstari mwekundu. Mtu mpya akiuliza je nikiumwa inakuwaje, alijibiwa maneno mawili, ukiumwa umekatwa.

Nimelikumbuka hilo daftari wiki hii kwa sababu nimebishana na rafiki yangu mmoja, mtu mwema kabisa, ana biashara yake na ameajiri watu kumi na wawili, yeye anasema mambo ya kumlipa mtu akiumwa yaachwe kati ya mwajiri na mfanyakazi wake, waelewane kiutu, serikali isiingie. Mimi nataka iingie. Nataka iwe sheria yenye meno, kwamba mwajiri yeyote mwenye watu wanaofanya zile kazi ambazo haziwezi kusimama hata siku moja alazimike kuwalipa wakiumwa, na malipo yaanze siku ya kwanza. Tulibishana mpaka simu yangu ikazima chaji na bado nilikuwa sijamaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Kulikuwa na mama mmoja tuliyekuwa naye shifti ya asubuhi wodi ya wazee. Alituzidi umri sote, tulimwita mama tu, na yeye ndo alinifundisha namna ya kukamua mopu bila kuumiza kiuno na kufuta kitanda kuanzia kichwani kuja miguuni, usirudie kitambaa. Siku hiyo nimeingia kubadili nguo nikamkuta chooni, mlango uko wazi, amepiga magoti anatapika. Nikamshika mgongo nikamwambia mama rudi nyumbani. Akanawa uso, akasukutua, akakaa kwenye benchi kama dakika tano amefumba macho, mikono imelala mapajani, alafu akanijibu taratibu, mwanangu mimi mwezi huu nina mstari mmoja tayari. Ule mstari aliupata wiki mbili nyuma mtoto wake alipopandisha homa usiku kucha. Akafunga barakoa, akavaa glavu, akachukua ndoo yake akaingia wodini.

Mimi sikumripoti, na mpaka leo sioni kama kumripoti kungekuwa haki, maana ningemripoti kwa nani ili nini, angerudishwa nyumbani na mstari mwekundu juu yake, watoto wake wangekula nini wiki ya mwisho ya mwezi. Supavaiza mwenyewe alimwona jinsi alivyokuwa anatembea ameegemea ukuta, akageuza uso. Sio kwamba ni mtu mbaya. Na yeye alikuwa anahesabiwa vichwa, wodi ikikosa mtu wa usafi anaulizwa yeye, na kampuni iliyotuajiri ilishinda tenda ya usafi kwa bei ya chini kiasi kwamba hapakuwa na mtu wa akiba hata mmoja.

Siku chache baadaye wazee kadhaa kwenye wodi ile walianza kutapika na kuharisha, kisha sisi watu wa usafi wawili, kisha nesi mmoja. Wageni wakazuiwa. Siwezi kusema ugonjwa ulitoka kwa mama, magonjwa ya namna ile huingia na mgeni, na mgonjwa mpya, na yeyote. Ila najua nilichokiona kule chooni na najua aliingia na ndoo. Ukaitishwa mkutano wa dharura wa wafanyakazi wote wa usafi, tukakumbushwa kunawa mikono, tukasaini karatasi kwamba tumekumbushwa. Habari ya daftari haikutajwa na mtu yeyote, hata sisi hatukuitaja.

Baadaye sana ndo nilikuja kusoma kuhusu norovirus, kile kirusi ambacho kinajulikana sana kwa milipuko ya kutapika na kuharisha kwenye mahospitali, nyumba za wazee na majiko makubwa. Chembe chache sana zinatosha kumwambukiza mtu. Vile vitakasa mikono vya alkoholi tulivyotundikiwa kila ukuta havikiwezi vizuri, tegemeo ni sabuni na maji yanayotiririka. Na aliyepona bado anaendelea kukitoa mwilini kwa siku kadhaa, ndo maana CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kinashauri anayepika kwa ajili ya wengine au anayehudumia wagonjwa akae nyumbani angalau saa 48 baada ya dalili kuisha. Nilipoisoma hiyo nikahesabu kwa akili ya daftari letu. Siku mbili za kuumwa, siku mbili za kusubiri baada ya kupona, mistari minne myekundu, na miwili kati ya hiyo ni ya mtu ambaye anajisikia mzima kabisa. Nani atakaa nyumbani mzima, bila kulipwa, ili awalinde watu ambao hata majina yao hayajui? Watu wa namna hiyo wapo, nakubali, lakini huwezi kujenga usalama wa hospitali nzima juu ya matumaini kwamba wote tutakuwa hivyo wakati kodi ya nyumba inadaiwa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndo kiini cha ubishi wangu na rafiki yangu, siku tatu za kwanza.

Nchi nyingi zenye malipo ya ugonjwa zimeweka kitu kinaitwa siku za kusubiri, yaani ukiumwa leo hulipwi leo, unaanza kulipwa baada ya siku kadhaa. Uingereza kwa miaka mingi zilikuwa siku tatu. Hata mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ule wa mwaka 1952 na ule wa 1969 unaosema mgonjwa alipwe angalau asilimia 60 ya kipato chake, inaruhusu hizo siku tatu za mwanzo zisilipwe. Naelewa walikuwa wanafikiria nini, walitaka kuzuia watu wa kuumwa umwa kila Jumatatu na walitaka pesa ziende kwa walioumwa sana. Lakini angalia mafua makali, influenza. Mtu anaanza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na siku anazoambukiza zaidi ni zile tatu za kwanza za ugonjwa. Ndo zile zile! Siku ambazo kila mtu angepaswa kumwomba huyu dereva wa basi au huyu mhudumu wa duka abaki nyumbani ndo siku ambazo kanuni inamwambia ukibaki ni kwa gharama yako. Ikifika siku ya nne, hatari kwa wengine imeanza kushuka, ndo malipo yanafunguliwa. Mwaka 2020 korona ilipoingia Uingereza waliliona hilo haraka, mwezi wa tatu tu wakaamua anayejitenga kwa sababu ya korona alipwe kuanzia siku ya kwanza. Sweden nao mwaka huo huo walisimamisha kwa muda ile siku yao moja ya makato. Kwa hiyo inajulikana. Serikali zikipata hofu ya kweli kitu cha kwanza zinafanya ni kufuta siku za kusubiri, na hofu ikipita zinazirudisha kana kwamba mafua na kuharisha havipo.

Mwaka huo 2020 ndo na sisi tuliitwa wafanyakazi wa huduma muhimu. Tulipewa barua, nimeiweka mpaka leo, imepigwa laminesheni, inasema mwenye barua hii aruhusiwe kupita muda wowote kwa kuwa kazi yake ni muhimu. Saa kumi na moja alfajiri barabara haina mtu, nasimamishwa na askari, natoa barua, anaisoma kwa tochi, ananirudishia anasema nenda. Kwenye miji mingi duniani watu walikuwa wanatoka madirishani jioni wanatupigia makofi, na mimi sina ubaya na makofi yale, yalinigusa kweli, kuna siku nilitembea nimejaa machozi. Lakini kwenye mfuko mmoja wa begi nilikuwa na barua inayosema mimi ni muhimu na kwenye mfuko mwingine nakala ya mkataba wa kampuni yenye kifungu kinachosema hakuna kazi hakuna malipo. Na vyote viwili vilikuwa na mhuri.

Nani hasa ni muhimu? Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 likawaweka kwenye makundi manane, wanaolima na kuandaa chakula, watu wa afya, wauzaji wa madukani, walinzi, wafanya usafi, watu wa usafirishaji, vibarua wa kazi za mikono, na mafundi na makarani. Kwenye nchi 90 walizoziangalia ilifika asilimia 52 ya wafanyakazi wote. Zaidi ya nusu. Tena ripoti hiyo ilionyesha kwamba watu wa usafirishaji walikuwa kwenye hatari ya kufa kuliko hata watu wa afya, na mimi nikimfikiria dereva na konda wake, siku nzima wanapumua pumzi ya kila anayepanda, sishangai hata kidogo. Nesi angalau alikuwa na barakoa nzuri na mtu wa kumkumbusha.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata sheria zikiandikwa, tundu linaachwa pale pale walipo hawa watu. Chukua Marekani. Mpaka leo hawana sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa siku za kuumwa, yameachwa kwa majimbo na miji. Tarehe 18 Machi 2020 ikasainiwa sheria ya dharura, hadi saa 80 za malipo kwa anayeugua korona au anayetakiwa kujitenga, na serikali inamrudishia mwajiri kupitia kodi. Kitu kizuri sana. Watafiti walioandika kwenye jarida la Health Affairs mwaka huo huo walikadiria kwamba kwenye majimbo ambako watu walikuwa hawana haki hiyo kabla, maambukizi yalipungua kama 400 kwa siku kwa kila jimbo. Lakini soma walioachwa nje. Kampuni zenye wafanyakazi 500 na kuendelea, hazimo, ina maana minyororo mikubwa ya masupamaketi na maghala haimo. Na mwajiri wa watu wa afya na wa waokoaji aliruhusiwa kuwatoa watu wake kwenye sheria hiyo akitaka. Yaani nesi, mtu wa gari la wagonjwa, mtu wa maghala, wale wale waliokuwa wanapigiwa makofi. Alafu ikaisha tarehe 31 Desemba 2020, na Januari iliyofuata ikawa miongoni mwa miezi iliyoua watu wengi zaidi kwenye janga zima kule.

Miaka miwili mbele, 2022, wafanyakazi wa reli za mizigo wa nchi hiyo hiyo, zaidi ya laki moja, walikuwa tayari kugoma, na jambo moja kubwa lililokuwa limewachosha ni kwamba hawakuwa na siku za kuumwa zenye malipo. Watu wanaoendesha treni zenye mabehewa zaidi ya mia. Bunge likaingilia likalazimisha mkataba ili mgomo usitokee, kwa hoja kwamba reli ni muhimu mno kwa uchumi haiwezi kusimama. Kulikuwa na pendekezo la pembeni la kuwaongezea siku saba za kuumwa, likapita Baraza la Wawakilishi, likafika Seneti likapata kura 52 dhidi ya 43 na likafa, kwa sababu zilihitajika 60. Baadaye vyama vyao vilikaa na makampuni moja moja na wengi walianza kupewa siku, lakini siku ile bungeni walichoambiwa ni kwamba kazi yenu ni muhimu kiasi kwamba hamruhusiwi kugoma, ila siku ya kuumwa hapana. Mimi sijawahi kuendesha treni lakini nilivyosoma ile habari nililiona daftari la bluu.

Na huku kwetu kwenye lugha hii sio kwamba sheria hazipo. Tanzania ina sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004, siku 126 za ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Kenya sheria ya ajira ya 2007, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, siku saba kamili na saba nusu kwa mwaka. Kwenye karatasi ya Tanzania kuna watu wangeishangaa kwa ukubwa wake. Lakini inahitaji uwe umefikisha miezi sita, ile ya Kenya miwili mfululizo, na hapo ndo anapopotelea deiwaka, anayeitwa kwa siku, anayesainishwa mkataba wa miezi mitatu mitatu kupitia wakala. Kila mwisho wa mkataba anaweza kuhesabiwa upya kama mgeni. Kazi yake haijawahi kusimama, ni karatasi tu ndo inasimama.

Hapa nina mfano ninaoupenda. San Francisco wananchi walipiga kura mwaka 2006 na mji ukawa wa kwanza Marekani kulazimisha hili, na namna walivyoiandika ndo ninayoipenda, kila saa 30 unazofanya kazi unajiwekea saa 1 ya kuumwa. Basi. Haijalishi ni kibarua, nusu siku, wa muda. Umefanya kazi, saa zako zinajikusanya, kama maji yanavyodondoka kwenye pipa. Deiwaka anaingia bila mtu kubishana kama ni mwajiriwa kamili au sio kamili.

Kuna historia moja ya zamani ambayo watu wakiisimulia huwa wanamlaumu mwanamke, na mimi naomba niisimulie kwa namna nyingine. Mary Mallon, mpishi kule New York, alikuwa amebeba vijidudu vya taifodi bila yeye mwenyewe kujisikia mgonjwa. Familia alizopikia ziliugua. Mwaka 1907 wakamkamata wakamtenga kwenye kisiwa, mwaka 1910 wakamwachia kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapewa kazi ya kufua nguo. Kufua kulikuwa kunalipa kidogo sana ukilinganisha na upishi, na yeye alikuwa mpishi hodari, ndo ujuzi pekee uliokuwa unamweka mjini. Baada ya muda akabadili jina akajiita Mary Brown akarudi jikoni, na mwaka 1915 akakutwa anapika kwenye hospitali ya wazazi, watu 25 wameugua na wawili wamekufa. Wakamrudisha kisiwani akakaa huko mpaka alipofariki 1938. Zaidi ya miaka ishirini.

Simtetei kwa wale wawili waliokufa, walikuwa na watu wao. Ila mji mzima ulikuwa na pesa ya kumfungia kisiwani miaka yote hiyo, umjengee, umlishe, umlinde, lakini haukuwa na pesa ya kumlipa tofauti ya mshahara wa kufua na wa kupika. Ulimwambia aache kinachomlisha kwa faida ya wengine, na wengine hao wasichangie kitu. Siku hizi tunafanya vile vile kwa siku tatu tatu, tunamwambia mtu usije utatuambukiza, alafu tunamwachia yeye peke yake bili.

Rafiki yangu ana hoja mbili na zote nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza, watu watadanganya. Wapo watakaodanganya, sikatai. Lakini sasa hivi watu wanadanganya pia, kila siku, wanadanganya kwamba ni wazima. Wanakunywa panadoli mbili kabla ya kupimwa joto mlangoni, mimi nimefanya hivyo, mara mbili nimeingia wodi ya wazee na homa iliyoshushwa kwa vidonge na bado nikikumbuka nasikia vibaya. Uongo upi una madhara zaidi, wa mzima aliyebaki nyumbani au wa mgonjwa aliyeinamia kitanda cha mzee wa miaka themanini? Na baadaye nilipopata kazi nyingine yenye siku za kuumwa zinazolipwa, kwa miaka miwili nilitumia siku tatu. Nilikuwa nazitunza kama akiba, hata kuzigusa naogopa, nikijiambia nisije nikaugua kweli nikakosa.

Kwenye hili la udanganyifu kuna kosa moja waajiri wanapenda kulifanya, kudai cheti cha daktari kuanzia siku ya kwanza. Fikiria mtu anaharisha, umemwambia akapange foleni kwa muda wa saa nne kwenye benchi moja na wajawazito na watoto wachanga ili apate karatasi ya kuthibitisha kwamba anaharisha. Na kama kumwona daktari ni kwa kulipia, basi karatasi yenyewe imekula nusu ya siku aliyoilinda. Sweden cheti kinadaiwa kuanzia siku ya nane, Uingereza siku saba za mwanzo mtu anajaza mwenyewe kwamba alikuwa anaumwa. Na viwanda vyao havijafungwa kwa sababu hiyo.

Hoja yake ya pili ndo ngumu zaidi, gharama kwa mwajiri mdogo. Watu kumi na wawili, wawili wakiumwa pamoja analipa wao na analipa wa kuziba nafasi, na faida yake ya mwezi ilikuwa hiyo hiyo. Hapo alinishika kidogo, maana nimeona waajiri wadogo wazuri wakizama. Lakini hilo limeshatafutiwa dawa siku nyingi. Wajerumani walianza mwaka 1883, bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, nusu ya mshahara hadi wiki 13, na leo mwajiri wao anamlipa mgonjwa mshahara kamili hadi wiki sita. Sasa mwajiri mdogo wa kule, mwenye watu wasiozidi 30, hajaachwa peke yake, waajiri wadogo wote wanachangia mfuko mmoja na mtu wake akiumwa mfuko unamrudishia sehemu kubwa, inaweza kufika hadi asilimia 80. Kila mmoja anatoa kidogo kila mwezi ili asije akaangukiwa siku moja. Nilipomweleza rafiki yangu hiyo alikaa kimya, akasema hiyo ningechangia. Kwa hiyo anachokataa sio kulipa, anakataa kubebeshwa peke yake, na mama wa wodi ya wazee naye alikuwa anakataa hicho hicho.

Ndo maana nasema iwe sheria na isiachwe kwenye utu wa mtu. Mwajiri mwema akilipa siku za kuumwa na jirani yake halipi, jirani atatoa bei ya chini kwenye tenda na atashinda. Kampuni yetu ya usafi ilishinda hivyo hivyo. Sheria ikimbana kila mtu, hakuna anayeadhibiwa kwa kuwa na huruma. New Zealand mwaka 2021 waliongeza kutoka siku tano hadi kumi kwa waajiri wote kwa mpigo, Ireland walikuwa hawana lazima hiyo kabisa mpaka Januari 2023 wakaanza na siku tatu. Tatu ni chache, lakini walianza, na zinalipwa kuanzia siku ya kwanza.

Jana nimempigia yule mama. Ameacha kazi ile, magoti yamechoka, saa hizi anakaa na wajukuu. Nikamweleza habari ya saa moja kwa kila saa thelathini, akaipenda, akaniambia nipigie hesabu, mimi ningekuwa na ngapi? Tukapiga pamoja kwenye simu. Saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni 48. Wiki 50 kwa mwaka, ni 2,400. Gawa kwa 30, saa 80, yaani siku kumi. Kila mwaka.

Akanyamaza, nikasikia wajukuu wanagombania kitu nyuma yake. Alafu akasema kumi ni nyingi mwanangu, mimi siku ile nilikuwa nataka tatu tu.